Kuhitaji na Kutaka: Mstari Unaopita Ndani ya Kila Kitu

Ushauri mwingi kuhusu bajeti ya familia huanza na karatasi iliyopigwa mstari katikati. Kushoto andikeni mahitaji, kulia andikeni matakwa. Lipieni ya kushoto kwanza, na kikisalia kitu ndipo mtazame kulia. Maelekezo ni mafupi, yanaeleweka, na mwanzoni hayana tabu. Kodi ya nyumba, kushoto. Dawa za bibi, kushoto. Tiketi za mechi, kulia. Kisha mnafika kwenye simu na intaneti, na kalamu inasimama.

Baba anasema zamani watu waliishi bila intaneti na watoto walisoma, basi iandikwe kulia. Mama anasema wateja wake wote humpata kwa simu. Ikikatika, hakutakuwa na cha kuandika upande wowote. Binti aliye sekondari anasema kazi za shule hutumwa huko. Na wote watatu wanajua, ingawa hakuna anayetamka, kwamba nusu ya kifurushi huishia kwenye video za usiku. Nimewahi kukaa kikao cha aina hii nyumbani kwangu na ninajua kinavyoisha: anayelipa anaamua, wengine wananyamaza, na baada ya wiki tatu karatasi haionekani tena.

Familia zinazokwama hapo hujiona hazina nidhamu. Mimi naona kosa liko kwenye karatasi. Inadai kila kitu kikae upande mmoja, ilhali vitu vingi vya nyumbani vina mguu huku na mguu kule.

Kiswahili chenyewe kinaujua ugumu huu. Tunasema mtoto anataka mwanasesere, na kwa kitenzi kilekile tunasema shamba linataka palizi, mgonjwa anataka uangalizi, kazi hii inataka subira. Shamba halina tamaa. Likitaka palizi, maana yake ni kwamba bila palizi litaharibika. Kitenzi kimoja kinabeba tamaa na kinabeba ulazima, na msikilizaji huamua kwa kutazama nani anataka, anataka nini, na akikosa itakuwaje. Neno "simu" au "nguo" au "usafiri" kwenye bajeti liko vivyo hivyo. Halisemi lolote mpaka ujue ni kwa ajili ya nani, kwa kazi gani, kiasi gani, na sasa au baadaye. Kwa hiyo ninapendekeza tuache kuutafuta mstari kati ya kitu na kitu. Mstari huo unapita ndani ya kila kitu, na kazi ya bajeti ni kuuona unapopita.

Shati la kitani na redio ya York

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1776 Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya uchumi, aliandika kwamba katika vitu vya lazima anahesabu vile visivyoepukika kwa uhai, na pamoja navyo vile ambavyo desturi ya nchi imefanya iwe aibu kwa mtu mwenye heshima zake, hata wa tabaka la chini kabisa, kuvikosa. Mfano wake ulikuwa shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila kitani, alisema, lakini katika sehemu kubwa ya Ulaya ya zama zake kibarua angeona haya kujitokeza mbele za watu bila shati hilo. Viatu vya ngozi navyo: Uingereza vilikuwa lazima kwa wanaume na wanawake, Uskoti vilikuwa lazima kwa wanaume wa tabaka la chini, ila wanawake wa tabaka hilohilo waliweza kutembea pekupeku bila kudharauliwa, Ufaransa havikuwa lazima kwa yeyote kati yao. Jozi moja ya viatu, nchi tatu jirani, majibu matatu.

Zaidi ya miaka 120 baadaye, Seebohm Rowntree, mtoto wa familia iliyokuwa na kiwanda cha chokoleti mjini York, Uingereza, alijaribu kupata jibu moja kwa hesabu. Mwaka 1899 alichunguza maisha ya familia za wafanyakazi wa mji huo na mwaka 1901 akachapisha alichokikuta. Alipiga hesabu ya kiasi cha chini kabisa cha fedha kinachotosha kuuweka mwili katika nguvu zake na si zaidi: chakula kilichopimwa kwa virutubishi, kodi ya nyumba, nguo, kuni na makaa. Kisha akafanya jambo ambalo ninamheshimu kwalo hadi leo. Alieleza kwa maneno ya kawaida maisha ya familia itakayoishi kwa kiasi hicho yatakavyokuwa. Haitapanda treni wala basi. Haitanunua gazeti la bei ndogo kabisa. Haitawaandikia barua watoto walio mbali, kwa kuwa haina fedha za stempu. Watoto hawatapata senti ya kununulia mwanasesere wala gololi. Baba hatavuta tumbaku. Kila kilichosalia kwenye orodha kilikuwa hitaji halisi, na bado msomaji alibaki akijiuliza kama hayo ni maisha ya mtu.

Rowntree aliurudia mji uleule mwaka 1936, na safari hii kipimo chake kilikuwa kimepanuka. Kiliingiza gazeti, stempu, nauli ya kwenda kazini, na redio. Mchunguzi ni yuleyule, mji ni uleule, imepita miaka 37, na chombo ambacho mwaka 1899 hakikuwepo katika nyumba yoyote kimeingia kwenye orodha ya mambo ambayo familia haifai kuyakosa. Baba wa kwenye mfano wetu anayesema "zamani waliishi bila intaneti" anasema kweli kuhusu zamani. Hilo halitoshi kuamua ya leo.

Je, basi kila kitu ni hitaji mradi majirani wanacho? Hapana, na aliyenisaidia kuona kwa nini ni mchumi wa Chile, Manfred Max-Neef. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: hitaji, na kinachotosheleza hitaji. Mahitaji ya binadamu, walisema, ni machache na ni yaleyale kila mahali: kujikimu, ulinzi, upendo, ufahamu, kushiriki, mapumziko, ubunifu, utambulisho na uhuru. Vinavyobadilika kutoka zama hadi zama na nyumba hadi nyumba ni vitoshelezi. Chakula na nyumba si mahitaji kwa maana hii. Ni vitoshelezi vya hitaji la kujikimu na la ulinzi. Gari si hitaji, na kwa maana hiyohiyo si takwa. Ni njia mojawapo ya kufika mahali, kati ya njia kadhaa.

Kwa mpanga bajeti, faida yake ni kubwa. Badala ya kubishana "hiki ni hitaji au si hitaji?", familia inauliza "hiki kinatufanyia nini, na je, kuna njia nyingine ya kulipata hilo?" Swali la kwanza hugawa watu pande mbili. La pili huwakalisha pamoja. Max-Neef alionyesha pia kwamba kitoshelezi kimoja chaweza kuhudumia mahitaji kadhaa kwa mpigo, kama chakula cha jioni kinacholiwa na familia nzima ikiwa pamoja: kinashibisha, kinapendanisha, kinampa kila mtu nafasi ya kusikika. Vingine hutoa hisia ya kutosheka isiyodumu, na aliyataja mavazi ya mkupuo wa mitindo, yanayoahidi kukupa utambulisho kisha msimu ujao yanakudai upya.

Kiini na ziada

Ninachofanya sasa ni kugawa kila mstari wa matumizi katika kiini na ziada. Chukua chakula, ambacho kila mtu hukiandika kushoto bila kufikiri. Kushiba na kupata virutubishi ni kiini. Kununua kilichopikwa tayari kwa sababu hakuna aliyepanga nani apike jioni hii ni ziada. Kilichooza kwa sababu kilinunuliwa kingi kupita kiasi hakikufika hata kuwa ziada, kilikuwa hasara. Nguo hali kadhalika: kuna ya kusitiri mwili na kumwezesha mtu kufika kazini au shuleni bila haya, na kuna ya kuwaambia wengine umefika wapi maishani. Zote mbili zinaitwa nguo, na dukani zinalipwa kwa risiti moja.

Tuzitie tarakimu. Tuseme mapato ya familia kwa mwezi, baada ya kodi na makato, ni sehemu 100. Wanatumia 28 kwa makazi, 26 kwa chakula, 12 usafiri, 10 shule, 6 simu na intaneti, 5 mavazi, 5 kusaidia ndugu, 5 burudani, na 3 zinakwenda akiba. Kwa karatasi ya mstari katikati, matakwa yao ni burudani, labda na kipande cha mavazi. Wakiifuta burudani yote wamepata 5, nyumba imenuna, na mwezi wa tatu burudani imerudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa waandike tarakimu mbili kwa kila mstari: kile wanachotumia, na kiini chake. Makazi yanabaki 28, maana kuna mkataba na hakuna wa kuupunguza mwezi huu. Shule inabaki 10. Chakula wanakubaliana kwamba 20 ingewatosha kwa afya. Usafiri 8, kwa kuwa safari kadhaa za wiki zingeunganishwa kuwa moja. Simu na intaneti 3, mavazi 2, ndugu 3, burudani 1. Jumla ya viini ni 75. Ziada ni 22, na kati ya hizo 4 tu ndizo zilikuwa kwenye mstari wa burudani. Sehemu 10, karibu nusu, zilikuwa zimejificha ndani ya chakula na usafiri, mistari miwili ambayo hakuna aliyeithubutu kuigusa kwa sababu ilikwisha kuitwa mahitaji. Bandubandu humaliza gogo, na gogo hilo lilikuwa likichongwa upande usioangaliwa.

Mtu ataona nimeiachia burudani 1 kwenye kiini badala ya sifuri. Hilo nimelifanya kwa makusudi, na maelezo ya Rowntree ndiyo sababu yangu. Nyumba isiyo na kicheko kilichopangiwa fungu hukitafutia fedha mahali pengine, mara nyingi kwa deni.

Namna ya kukipata kiini ni swali moja gumu: mmoja wetu akipoteza kazi kesho, tutaendelea kulipia kiasi gani cha hiki? Ulizeni hivyo kwa kila mstari na muandike jibu la kwanza la kweli. Jumla ya majibu hayo ina matumizi mawili. Inaonyesha mahali pa kupunguza pasipo kuumiza. Pia inakupa kipimo cha akiba ya dharura: familia hii inayotaka kinga ya miezi mitatu inahitaji sehemu 225, yaani 75 mara tatu, na si 300. Tofauti hiyo ya 75 huamua kama lengo litaonekana linafikika au litaachwa lilivyo.

Kuna jambo ambalo wanaofundisha bajeti hulipita haraka, na linaniuma. Si kila familia ina ziada. Mwaka 1857 mwanatakwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, akitumia hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, alionyesha kwamba kadiri mapato ya nyumba yanavyokuwa madogo ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya mapato hayo. Kanuni hiyo, inayobeba jina lake, imeendelea kuthibitika karibu kila mahali ilikopimwa. Nyumba ambayo viini vyake vinafika 100 au kuvuka 100 haina tatizo la kuchanganya mahitaji na matakwa. Ina tatizo la mapato, au la kodi ya nyumba, au la watu wengi juu ya mfuko mmoja. Kuiambia ikate matakwa ni kuitia msumari wa moto juu ya kidonda. Kwa nyumba hiyo hesabu ya viini ina faida nyingine: inaonyesha pengo ni kubwa kiasi gani, ili nguvu zielekezwe kuongeza kipato, kuhamia nyumba ya bei nafuu au kuzungumza na wanaodai. Mtu hujikuna ajipatapo, na ni haki yake aambiwe mkono wake unafika wapi.

Mahitaji yasiyopiga kelele

Kipimo kinachopendwa sana ni kile cha kusubiri: ukitamani kitu, ngoja siku 30, tamaa itapoa, hitaji litabaki. Kwa manunuzi ya papo kwa papo ni kipimo kizuri na ninakitumia. Kina upungufu mmoja mkubwa. Kinachukulia kwamba hitaji hupiga kelele, ilhali mahitaji mengine hukaa kimya mpaka siku yanapolipuka.

Jino lenye tundu dogo haliumi. Paa lenye kigae kimoja kilicholegea halivuji wakati wa kiangazi. Bima haina mtu anayeiulizia mezani, akiba ya uzeeni ndiyo kabisa. Ukiyaweka haya kwenye mizani pamoja na viatu vipya vinavyong'aa dirishani, viatu vitashinda kila mwezi, na kila mwezi utaona umefanya uamuzi wa busara kwa sababu hakuna kilichoharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huwa unajengwa kwa mkopo.

Gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka ni ndugu wa karibu wa haya. Ada ya muhula, bima ya chombo cha usafiri, matairi, sare za mwaka mpya wa shule: tarehe zake zinajulikana, kiasi chake kinakadirika, na bado nyumba nyingi huzipokea kama ajali. Kosa ni la bajeti ya mwezi, ambayo haioni kisichotokea mwezi huu. Dawa yake ni kugawanya kwa 12. Kitu kinachogharimu sehemu 24 mara moja kwa mwaka ni sehemu 2 za kila mwezi, na sehemu hizo mbili ni kiini tangu mwezi wa kwanza, hata kama zimelala tu kwenye akaunti na zinaonekana kama ziada. Familia zinazodhani zina fedha za kuchezea mwezi wa pili na wa tatu mara nyingi zimeshika ada ya mwezi wa nane.

Matakwa ya jana

Mstari kati ya kuhitaji na kutaka una tabia nyingine: husogea, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaousogeza. Ununuzi wa hiari ukifanywa kwa mkopo, kesho yake si hiari tena. Runinga kubwa ilikuwa takwa dukani. Marejesho yake ya miezi 18 ni wajibu ambao mwenye kudai hatakuuliza kama bado unaitaka. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi inasikika kama ndogo. Ikiachwa ijizalie inafika karibu asilimia 27 kwa mwaka. Hivyo ndivyo nyumba zenye mapato ya kuridhisha hujikuta zina "mahitaji" ya 90 kwa 100, na ukiyachambua unakuta sehemu kubwa ni matakwa ya miaka iliyopita yaliyobadili jina.

Vitu navyo huzaa vitu. Mwaka 1769 mwandishi wa Ufaransa, Denis Diderot, alieleza yaliyomkuta baada ya kupata joho jipya jekundu la nyumbani. Joho la zamani lilikuwa limeelewana na chumba chake. Jipya lilifanya kila kilicholizunguka kionekane duni, na kimoja baada ya kingine vikabadilishwa: kiti cha majani kikaondoka kikaja cha ngozi, na meza ikafuata mkondo huohuo. Alikuwa bwana wa joho lake la kale, aliandika, na sasa amekuwa mtumwa wa jipya. Mwanaanthropolojia Grant McCracken ndiye aliyelipa jambo hili jina la Diderot katika miaka ya 1980. Kila kitu kikubwa kinachoingia nyumbani kije na hesabu ya wafuasi wake: gari na mafuta, bima, matengenezo na mahali pa kuegesha, nyumba kubwa na fanicha za kuijaza, umeme wa kuiwasha, saa za kuisafisha. Takwa likinunuliwa, wafuasi wake huingia kwenye daftari wakiwa tayari wamevaa nguo za mahitaji.

Nani ameshika kalamu?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba familia ni mtu mmoja. Siyo. Anayeandika orodha huyaona ya kwake kwa karibu na ya wengine kwa mbali, na hili si suala la ubaya wa moyo. Matumizi yake ya jioni na wenzake wa kazini ni "kujenga mahusiano ya kikazi". Saluni ya mkewe ni "anasa". Au kinyume chake, wakibadilishana kalamu.

Uthibitisho ninaoupenda unatoka Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilibadilisha namna ya kuzisaidia familia zenye watoto. Awali sehemu kubwa ya msaada ilikuja kama nafuu ya kodi, hivyo kwa kawaida ilionekana kwenye mshahara wa baba. Baada ya mabadiliko ilikuja kama fedha taslimu mkononi mwa mama. Wachumi Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walizichambua takwimu za matumizi za kipindi hicho na mwaka 1997 wakachapisha walichokiona: baada ya fedha kuhamia mkononi mwa mama, matumizi ya nguo za watoto na za wanawake yaliongezeka yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Watoto hawakuwa wameanza kuhitaji nguo mwaka ule. Hitaji lao lilikuwepo siku zote; kilichobadilika ni mkono ulioshika fedha.

Ndiyo maana sioni bajeti iliyoandikwa na mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi, kuwa bajeti ya familia. Watu wazima wote wa nyumba wakadirie viini, kila mmoja kwenye karatasi yake kwanza, kisha walinganishe. Pale tarakimu zinapotofautiana ndipo penye mazungumzo yenyewe. Na kila mtu mzima apewe fungu dogo lililo sawa na la mwenzake, ambalo hatolei hesabu kwa yeyote. Fungu hilo huokoa ugomvi mwingi, kwa kuwa humwondolea mtu haja ya kuliita takwa lake hitaji.

Watoto nao wana nafasi yao. Mtoto anayesema "wenzangu wote wanavyo" anatumia, bila kujua, kipimo cha Adam Smith. Mara nyingine yuko sahihi: kumpeleka shuleni na viatu vilivyotoboka kunamgharimu jambo lisiloonekana kwenye risiti. Mara nyingine jina la kampuni kwenye kiatu ndilo analolililia. Mimi huuliza, akikosa kitu hiki, kuna jambo atakalozuiwa kulishiriki, au ataonekana tu wa kawaida? Kuzuiwa kushiriki ni jambo la kiini. Kuonekana wa kawaida ni jambo analoweza kufundishwa kulibeba. Na mzazi asiseme "hatuna hela" wakati zipo na zimepangiwa kazi nyingine. Mtoto hugundua, na tangu siku hiyo haamini tena neno hilo hata siku litakapokuwa kweli. "Tumeziweka kwa ajili ya ada" ni jibu refu kidogo, na linamfundisha namna uchaguzi unavyofanywa.

Ile kanuni ya 50, 30 na 20

Wengi hukutana na kanuni inayosema nusu ya mapato baada ya kodi iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye matakwa, na 20 kwenye akiba na kulipa madeni. Ilienezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria na baadaye seneta nchini Marekani, pamoja na binti yake Amelia Warren Tyagi. Uzuri wake ni kwamba inayapa matakwa nafasi halali na inaikumbuka akiba. Hata hivyo, ilitungwa kwa kuwafikiria watu wa kipato cha kati wa nchi moja. Nyumba ya kipato kidogo, kwa kanuni ya Engel, haiwezi kubana mahitaji yake ndani ya 50 hata ikijinyima, na haifai kujilaumu kwa hilo. Nyumba ya kipato kikubwa inaweza kutumia 30 kwa matakwa ilhali haina sababu yoyote ya kufanya hivyo. Itumieni kama kioo cha kujitazama mara moja kwa mwaka. Hesabu ya kila mwezi itoke kwenye viini vyenu.

Turudi kwenye simu na intaneti, sehemu 6 za familia yetu. Walipoacha kuuliza ni ya kushoto au ya kulia, walikubaliana kwa muda mfupi kuliko walivyotarajia. Mawasiliano ya kazi ya mama na masomo ya binti yalichukua 3, na hizo haziguswi. Sehemu 1 waliiacha kwa ajili ya video za jioni, kwa kuwa hiyo ndiyo burudani ya pamoja waliyo nayo siku za kazi. Sehemu 2 zilihamia akiba. Waliandika pembeni kwamba mwezi wa mitihani kiini kitapanda hadi 4 na ile moja itatoka kwenye video, kisha kitashuka tena. Daftari linakaa kwa binti, kwa kuwa hati yake ndiyo inayosomeka.